Maswali ya Wasomaji: Kunyimwa Nyumba Marekani

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa wasomaji walioko Marekani, hasa familia zilizotoka Kongo. Tumechagua nne.

SWALI: Nilipiga simu kuulizia nyumba ya vyumba vitatu, nikaambiwa ipo, tukapanga niende kuiona kesho yake. Nilipofika na kitenge changu, na lafudhi yangu ya Kikongo, dada wa ofisini akasema imeshachukuliwa. Siku nne zimepita na tangazo bado lipo mtandaoni. Je, huu ni ubaguzi? Mgeni kama mimi anashtaki wapi?
*Mama wa watoto wanne, Louisville, Kentucky*

JIBU: Dada, kumwambia mtu nyumba haipo ilhali ipo kumekatazwa waziwazi na Fair Housing Act, sheria ya nchi nzima iliyotiwa saini tarehe 11 Aprili 1968, siku saba baada ya kuuawa kwa Martin Luther King. Ilianza kwa kukataza ubaguzi wa rangi na asili, dini, na nchi alikotoka mtu. Jinsia iliongezwa mwaka 1974. Ulemavu na kuwa na watoto, mwaka 1988. Sheria inamtaja "mtu", haisemi "raia". Kwa hiyo ugeni wako haukuzuii kulalamika.

Kama ni ubaguzi au la, itategemea ushahidi, na ushahidi wa namna hii huoza haraka. Leo hii piga picha ya skrini ya lile tangazo, tarehe na bei vionekane. Kisha andika yaliyotokea, kwa Kiswahili kama ndicho kinachokujia upesi. Usiandike "alinibagua". Andika alichofanya: "Jumatano, saa tisa alasiri. Mwanamke mwenye miwani, beji ya bluu. Nilimwambia nimekuja kuona nyumba ya vyumba vitatu. Alinitazama, hakufungua kompyuta, akasema imekwenda. Hakunipa fomu." Maneno hayo mawili, *hakufungua kompyuta*, yana uzito kuliko ukurasa mzima wa uchungu, kwa sababu yataulizwa: alijuaje kuwa imekwenda?

Usirekodi simu kwa siri. Majimbo kama Pennsylvania, Maryland na Washington yanataka kila anayeongea akubali kwanza.

Hatua inayofuata ndiyo ambayo wengi wetu huiruka. Kabla ya kuandikia serikali, pigia simu shirika la kutetea haki ya makazi lililo karibu nawe. Kwa Kentucky lipo Lexington Fair Housing Council, ambalo huhudumia jimbo zima. Mashirika haya hutuma wapimaji: watu wawili wenye kipato na ukubwa wa familia unaolingana, waliotofautiana kwa jambo moja tu, mathalani rangi au lafudhi, wakaulizie nyumba ileile. Mmoja akioneshwa nyumba na mwenzake akaambiwa imekwisha, kesi yako inapata miguu. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali mwaka 1982, katika kesi ya Havens Realty, kwamba mpimaji aliyedanganywa anaweza kushtaki yeye mwenyewe. Lakini kipimo hufanyika nyumba ikiwa bado wazi. Wiki mbili zikipita, mtu mwingine ameshahamia, na hakuna cha kupima.

Malalamiko yenyewe hupelekwa Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji (HUD), simu 1-800-669-9777, au Tume ya Haki za Binadamu ya Kentucky. Ni bure na huhitaji wakili. Una mwaka mmoja tangu tukio kulalamika HUD, na miaka miwili kwenda mahakamani. Yanayoharibu malalamiko mengi ni mambo madogo: anwani ya nyumba haikuandikwa, jina la kampuni inayosimamia halipo, au mlalamikaji alibadilisha namba ya simu na barua za mpelelezi zikarudi. Ukihama, wajulishe siku hiyohiyo.

Tahadhari moja. Jengo lenye nyumba zisizozidi nne, ambalo mwenyewe anaishi humohumo, limesamehewa sehemu kubwa ya sheria hii. Hata hivyo hana ruhusa ya kutangaza kwamba hataki watu fulani, na kwa ubaguzi wa rangi bado anabanwa na sheria ya haki za raia ya mwaka 1866, ambayo haina msamaha huo.

SWALI: Sisi ni watano: mimi, mke wangu na watoto watatu, mdogo ana miezi minne. Meneja amekataa kutupa vyumba viwili vya kulala, anasema sheria ni watu wawili kwa chumba. Ni kweli?
*Baba wa watatu, Dayton, Ohio*

JIBU: Nusu ni kweli. HUD huona kuwa watu wawili kwa chumba cha kulala ni kiwango cha kawaida kinachokubalika, lakini si msumari. Maelekezo yake yanataka vitazamwe pia ukubwa wa vyumba, umri wa watoto, na kama kuna nafasi nyingine ya kulala. Kichanga cha miezi minne kwenye kitanda chake kidogo, ndani ya chumba kipana cha wazazi, si sawa na kijana wa miaka kumi na sita.

Omba kanuni hiyo kwa maandishi. Kisha uliza idara ya jiji inayosimamia ubora wa majengo inaruhusu watu wangapi kwa ukubwa wa nyumba ile. Kama jiji linaruhusu watano na meneja anashikilia wanne, hapo pana swali la kumuuliza. Tazama pia kama watu wazima watano wamewahi kuruhusiwa. Na msikubali kulipishwa nyongeza kwa kila mtoto, wala kusukumiwa jengo la nyuma "ambako familia zenye watoto hukaa". Hayo nayo yamekatazwa. Nyumba za wazee wa miaka 55 na kuendelea zina kanuni zao na zinaweza kukataa watoto kihalali.

SWALI: Baraza la jiji letu lilipitisha mapema mwaka 2024 kwamba wenye nyumba wasikatae wapangaji kwa sababu ya vocha ya Section 8, yaani msaada wa serikali wa kulipia kodi ya nyumba. Haikupita muda bunge la jimbo likaizima. Jumuiya yetu imekata tamaa. Tuanzie wapi?
*Mwenyekiti wa jumuiya, Lexington, Kentucky*

JIBU: Ndugu mwenyekiti, kilichowakuta ni mswada HB 18. Gavana aliukataa kwa kura ya turufu, bunge likaipindua, na sasa mji wowote wa Kentucky hauwezi kulazimisha vocha ipokelewe. Sheria ya nchi nzima nayo haizungumzii vocha. Kurudi kwa baraza la jiji na ombi lilelile ni kupoteza nguvu. Mlango uliobaki uko Frankfort, makao makuu ya jimbo. Bunge huanza Januari, siku 60 za kikao kwa miaka inayogawanyika kwa mbili na siku 30 kwa mingine, kwa hiyo kazi hufanyika Agosti hadi Desemba, wabunge wakiwa majumbani kwao.

Msiende na hotuba. Nendeni na kumbukumbu: vocha ilitolewa lini, nyumba ngapi ziliulizwa, kila moja ilijibu nini, vocha ikaisha lini. Na mpelekeni mwenye nyumba anayepokea vocha bila shida. Mbunge aliyesikia hofu za wenye nyumba humsikiliza huyo kuliko sisi sote.

Wakati huohuo, waokoeni walio na vocha mkononi. Vocha huanza na siku zisizopungua 60 za kutafuta nyumba. Ombi la kuongezewa muda liandikwe kabla hazijaisha, si baada. Mwenye ulemavu aombe nyongeza hiyo kama haki ya kurekebishiwa utaratibu. Na mwenye nyumba anayekataa vocha za familia za Kiafrika huku akipokea za wengine anavunja sheria ya 1968, HB 18 au bila HB 18. Hiyo ipelekeni kwa wapimaji.

Kuhusu kukata tamaa: diwani Vel Phillips alipeleka pendekezo la haki ya makazi katika baraza la jiji la Milwaukee mwaka 1962, akalipigia kura peke yake. Alilirudisha tena na tena, likakataliwa kila mara. Mwaka 1967 vijana wa NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, waliandamana usiku 200 mfululizo. Jiji lilikubali Aprili 1968. Na jimbo lenu hilohilo la Kentucky lilikuwa la kwanza kusini kupitisha sheria ya haki ya makazi, Machi 1968, mswada ukisukumwa na seneta Georgia Davis Powers, mwanamke Mweusi aliyekuwa na miezi michache tu bungeni.

SWALI: Kuta zina ukungu na meneja hatengenezi. Nimeacha kulipa kodi hadi HUD wanijibu.
*Msomaji, Louisville*

JIBU: Lipa leo. Malalamiko ya HUD hayasimamishi kesi ya kufukuzwa, na hakimu atauliza kodi kwanza. Ukungu upeleke kwa wakaguzi wa jiji. Unakuwa suala la ubaguzi pale tu majirani zako wa asili nyingine wanapotengenezewa na nyinyi mkaachwa. Kama ndivyo, chukua tarehe za maombi yenu na yao. Ukishapata karatasi ya mahakama, usisubiri siku ya mwisho: tafuta msaada wa sheria wa bure siku hiyohiyo na ufike mahakamani hata kama huna pesa ya kulipa deni, maana asiyefika huhukumiwa bila kusikilizwa.