Florence Pugh hakupitia chuo cha uigizaji
Mkuu, umeuliza Florence Pugh, mwigizaji wa Uingereza, alisomea wapi na filamu ipi ilimtoa. Chuo hakusoma. Alizaliwa Oxford, 3 Januari 1996. Utotoni koo lake la hewa lilikuwa laini, linanywea anapopumua, basi familia ikahamia Sotogrande, Hispania, kufuata joto. Walirudi akiwa na miaka 6. Ile sauti yake ya mkwaruzo imetokana na hapo.

Filamu ya The Falling (2014) aliipata kwa usaili wa wazi, bado yuko shule. Mwaka 2015 akarekodi Los Angeles kipindi cha majaribio cha tamthilia iitwayo Studio City. Mwenyewe amesema walimtaka apunguze uzito. Tamthilia haikununuliwa, na nadhani ilikuwa heri.

Iliyomtoa hasa ni Lady Macbeth (2016), filamu ya bajeti ndogo. Wengi hudhani ni ya Shakespeare, kumbe imetoka kwenye hadithi ya Mrusi Nikolai Leskov. Mtazame pale kwenye kochi, gauni la buluu limemjaa, hasemi kitu, macho tu. Ikampa tuzo ya BIFA (tuzo za filamu huru za Uingereza) ya mwigizaji bora wa kike 2017. Little Women (2019) ndiyo iliyomfikisha kuwania Oscar, kama mwigizaji msaidizi.