Mgeni wenu Pasaka hii: msimkimbize

Dada, umeuliza mumpeleke wapi huyo binti wa Kijerumani anayeishi kwenu hapo Mbeya, kuanzia Ijumaa Kuu hadi Jumatatu. Mimi ningechagua sehemu mbili tu.

Jumamosi nendeni Rungwe, mkaone Daraja la Mungu, lile jiwe lililojijenga lenyewe juu ya Mto Kiwira. Ziwa Ngozi ni zuri mno, lakini masika haya njia ya msituni ni tope na mizizi inayoteleza. Kama hana viatu vyenye meno, liacheni. Jumatatu shikeni barabara ya Tunduma hadi Mbozi, kwenye kimondo. Ni chuma cha tani kama 16 kilichotoka angani, na anaruhusiwa kukigusa!

Jumapili, tafadhali, mbaki nyumbani. Mkitoka ibadani mwite jikoni, mpakeni mafuta mikononi ili utomvu usimgande, amenye ndizi pamoja na mama. Nami niliwahi kuwa mgeni ugenini: nilitembezwa kila mahali, ila hakuna aliyenikaribisha jikoni. Hilo liliniuma. Na mwambieni mapema abebe sweta, Tukuyu, huko huko Rungwe, kuna baridi.