Kwa Mnaoinuka Kabla Taa Hazijawaka

Usiku wa pili wa tamasha la filamu la Zanzibar nilikaa ngazi ya juu pale Ngome Kongwe, Mji Mkongwe, karibu na ukuta, ninapokaa kila mwaka kwa sababu upepo wa kusi haufiki sana. Mbele yangu walikaa vijana watatu, vitambulisho vya waandishi shingoni, madaftari mapya mapajani. Nikafurahi. Filamu ilikuwa ya dakika 104. Ilipofika kama dakika ya 50 mmoja akatoa simu, mwanga ukatupiga machoni sisi wa nyuma, akaanza kuandika. Haukupita muda wakainuka wote watatu, wakashuka ngazi wameinama kama wanaopita mbele ya wakubwa, wakaenda zao. Filamu ilipokwisha nikavuka barabara hadi Forodhani, nikaagiza urojo, nikafungua simu. Mapitio yao yalikuwa yameshapanda. "Inachosha. Haina mwelekeo." Huku nyuma, mwisho ambao hawakuuona ulikuwa umewaacha watu wazima wamekaa kwenye ngazi, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuondoka.

Urojo ulinipoa mkononi. Nawaandikia nyinyi watatu, na wengine mtakaokuja mwakani. Nawapenda, maana mnapanda boti kwa nauli zenu wenyewe na kulala wanne chumba kimoja ili muone filamu. Lakini kwa kosa hili subira yangu imekwisha, na sababu yake mtaikuta kwenye namba tatu.

Moja. Filamu tatu kwa siku, basi. Najua ratiba ina nyingi na kila moja inakuita. Ukishaona tatu, ya nne unaitazama kwa macho yaliyochoshwa na ya tatu, halafu unaandika kwamba ndiyo iliyokuchosha. Njoo na sweta. Njoo na kalamu, simu ikae mfukoni. Kula mapema. Keti katikati: kuta zile walizijenga Waomani baada ya kumfukuza Mreno, hawakuwa wanafikiria spika, na pembeni maneno yanakufikia mara mbili. Filamu za uwanjani husubiri giza, kwa hiyo adhana ya Isha itaingia katikati ya filamu. Msiandike tena kwamba adhana "iliharibu". Mwaka mmoja iliingia wakati mzee mmoja, kwenye filamu ya kutoka Afrika Magharibi, amekaa ukingoni mwa kitanda, mkewe ametoka kuzikwa, hana la kusema. Misikiti ya Mji Mkongwe ikaanza, mmoja baada ya mwingine, na yule mzee kwenye pazia akainua kichwa kana kwamba ameisikia. Muongozaji alikuwa amesimama karibu na mlango. Nilimwona akishika kichwa kwa mikono miwili. Baadaye akaniambia kwamba lau angejua, angekuja kurekodi adhana ile kabla hajaimaliza filamu yake.

Mbili. Acheni kusimulia hadithi. Nusu ya mapitio ninayoletewa niyasome yanaanza "Filamu inaanza ambapo…" na yanakwisha hadithi inapokwisha. Bibi yangu alikuwa akienda sinema ya Empire kutazama filamu za Kihindi, na akirudi wanawake wa mtaani wanakusanyika barazani awasimulie. Kihindi hakujua hata neno. Hakuwahi kuanza na mwanzo. Alianza na pale alipolia, kisha akarudi nyuma kuwaeleza ni nini kilichomfikisha kwenye kilio kile: rangi ya ukaya, mlango uliofungwa taratibu, mama aliyegeuza uso. Wakimaliza kumsikiliza walikuwa wanajua filamu ile inafanya nini kwa mtu. Anzeni hapo.

Chukueni Vuta N'kuvute, aliyoiongoza Amil Shivji mwaka 2021 kutoka kwenye riwaya ya Adam Shafi, ikaenda hadi tamasha la Toronto. Wengi wenu mliisoma riwaya ile kwa ajili ya mtihani, na mapitio yenu yalikuwa majibu ya mtihani: dhamira, wahusika, sura zilizoachwa. Mmoja alinihesabia mambo kumi na moja ambayo kitabu kinayo na filamu haina. Mwanangu, kitabu kipo, kila mtu anaweza kukifungua. Mimi nilitaka kujua ulipata nini ulipoliona giza la vichochoro vile, ulipomsikia Siti Amina, ambaye wengi tunamjua kwa taarabu, akiigiza kama Mwajuma, ulipomtazama Yasmin, mhusika mkuu, akijifunza kukaa katika nyumba isiyo ya mume wala ya wazazi. Zanzibar ya miaka ya 1950 imewekwa mbele yako, Waingereza bado wapo, na wewe unahesabu sura.

Tatu. Kaa hadi mwisho.

Ulikuwa mwaka wangu wa tatu wa kuandika. Nilikuwa na gazeti linalonisubiri, nusu ukurasa na picha, na nilijiona nimekwishaijua kazi. Usiku ule palikuwa na filamu fupi ya dakika 28, ya vijana wa hapa hapa visiwani. Mama mkulima wa mwani, pwani ya mashariki, ana mtoto mmoja wa kiume, Idi, ambaye ni mvuvi. Kila mtu kwenye filamu anamwita Mama Idi. Jina lake mwenyewe hatuambiwi. Inaingia asubuhi moja watu wanakuja pwani kumpa habari, na hatuwasikii wanachosema, kwa sababu hapo hapo sauti yote inaondoka. Tunaona midomo, mikono, kanga inayopepea. Halafu tunaona wanawake majini, maji yamekupwa, wameinama wanafunga mwani kwenye kamba, kikamba kimoja, kingine, kingine. Kimya.

Sisi kwenye ngazi tukadhani mitambo imegoma. Mtu akapiga mluzi. Wengine wakaitikia. "Sauti! Sauti!" Nami nilipiga kelele, na nilipiga kwa nguvu, kwa sababu nilikuwa na filamu nyingine ndani ya robo saa katika ukumbi wa pili. Nilingoja kidogo, nikaona hakuna kinachobadilika, nikainuka nikaondoka. Usiku ule ule niliandika kwamba sauti ilikatika katikati ya filamu kwa zaidi ya dakika tatu na hakuna aliyeshughulika, na kwamba kazi ya sauti ya kiwango kile haistahili kuletwa tamashani. Kisha, kwa kuwa nilijivunia kuwa mwandishi makini, nilifungua kijitabu cha tamasha nikatafuta jina la mtu wa sauti, nikaliandika kamili, la kwake na la baba yake.

Likatoka asubuhi. Jioni yake nipo Forodhani, kijana akanijia, hedifoni shingoni, umri wake kama wa mdogo wangu wa mwisho. "Shikamoo dada." Nikaitikia. Akaniuliza kwa upole kabisa: "Ulikaa mpaka mwisho?"

Nikamwambia ndiyo.

Akatikisa kichwa kama aliyeridhika. Halafu akauliza: "Basi sauti ilirudi na nini?"

Nimeshaulizwa maswali mengi maishani, mengine na watu wenye uwezo wa kunifukuza kazi. Hakuna lililonibana kama lile. Nilimtazama, yeye akatazama chini ili asinione ninavyohangaika. Aliona haya kwa niaba yangu. Kisha akasema filamu ingeonyeshwa tena keshokutwa, kijijini, kwenye maonyesho yale yanayopelekwa mashamba, na kama nina nafasi niende. Akaaga.

Nilipanda daladala nikaenda. Pazia lilikuwa limefungwa uwanja wa mpira, wanawake wamekaa kwenye mikeka, watoto mbele, bahari ipo nyuma ya minazi. Wengi wa wanawake wale wanalima mwani. Sauti ilipoondoka hapakuwa na mluzi wala aliyegeuka kutazama projekta. Walikaa. Na mimi, kwa kuwa mara hii hapakuwa na anayepiga kelele, nikagundua kwamba kile kimya kina kitu ndani yake: upepo, mdogo sana, kama pumzi ya mtu aliye chumba cha pili. Tulipokuwa Ngome Kongwe tuliufunika sisi kwa miluzi yetu.

Dakika tatu na nusu. Mama anafunga kamba. Hakuna anayemwita, na hapo ndipo nilipoelewa: hawajui wamwiteje. Idi hayupo. Kisha sauti inarudi, na inarudi na mtoto wa jirani, wa miaka minne hivi, ambaye hajaelezwa lolote, anakimbia mchangani anaita kama anavyoita siku zote: "Mama Idi! Mama Idi!" Yule mama amesimama majini, mgongo kwetu. Haitikii. Mtoto anaita tena. Na bibi mmoja kwenye mkeka wangu, bega lake linagusana na langu, akasema kwa sauti ya chini, kama aliyeitwa yeye: "Abee." Ndipo yule wa kwenye filamu naye akageuka. "Abee."

Filamu ikaisha hapo. Nililia hadi bibi yule akanipa ncha ya kanga yake.

Nilimpigia mhariri wangu usiku ule ule. Sahihisho lilitoka baada ya siku nne, mistari miwili, chini ya tangazo la mabati. Nilimtafuta yule kijana nikamwomba radhi mbele ya wenzake, akanisamehe haraka kuliko nilivyostahili. Alinieleza kwamba upepo ule aliurekodi alfajiri tatu mfululizo, maji yakiwa yametoka, amelala mchangani, maiki ameiweka mbali naye ili asisikike akipumua. Akanieleza pia, kwa sababu nilimuuliza, kwamba watu wa Dar waliokuwa wamemwahidi kazi ya filamu ya hali halisi hawakupokea tena simu zake. Miaka miwili iliyofuata alirekodi harusi. Sijui kama ni maneno yangu pekee yaliyofanya hivyo, naye hakusema hivyo. Lakini gazeti walilisoma, na jina lilikuwa lake, kamili, la kwake na la baba yake, nami ndiye niliyelitafuta kwenye kijitabu.

Kwa hiyo mnaponiambia "dada, dedilaini", naielewa dedilaini. Kama ni lazima utoke, toka, halafu usiandike mapitio. Au andika wazi: niliona dakika 50 nikaondoka. Msomaji atajua la kufanya na maneno yako.

Nne. Andikeni majina sawasawa. Wakati wa maswali kwa muongozaji ulizeni swali, hotuba tumekuja nazo sote. Tamasha hili linajiita la nchi za jahazi tangu lilipoanza mwaka 1998, na jahazi lilifika Bara Hindi, Ghuba, Comoro na kwetu, kwa hiyo msije na kipimo kimoja mfukoni. Filamu ya Iran inayomwacha mtu anywe chai hadi kikombe kiishe haijachelewa popote. Wala msisifu filamu kwa kuwa ni ya kwetu. Mliokulia kwenye vibanda umiza, vile vibanda vya video vya mtaani, mtafsiri akizungumza juu ya kila picha, mnajua kuwa sikio letu limezoea kujazwa. Mimi nililelewa hivyo hivyo na sioni aibu, nilijifunza Kiswahili kitamu pale. Ila mkikuta filamu iliyonyamaza, wapeni waliotengeneza muda wa kuwaonyesha kwa nini.

Tano. Nendeni kwenye maonyesho ya vijijini. Daladala ya mwisho kurudi mjini haisubiri filamu iishe, basi pangeni mapema pa kulala au wa kurudi naye.

Na nyinyi watatu: filamu ile mliyoiacha inarudiwa Jumamosi saa kumi jioni, ukumbi wa ndani. Nimezungumza na kijana wa mlangoni awawekee viti vitatu katikati ya safu ya nne, ambako mtu akitaka kutoka lazima awainue watu kumi. Mimi nitakuwa wa kumi na moja. Nitaleta kashata.