LSD ya enzi za chuo na hofu ya mtoto kuzaliwa na ulemavu

Dada mleta uzi, umesema ulionja LSD, ile dawa ya kulevya inayoleta maruweruwe, ukiwa chuo, sasa una mimba ya miezi mitatu, na mchangiaji mmoja kakwambia kromosomu zako (vile vibeba urithi vya ndani ya seli) zilishakatika, lazima mtoto azaliwe na kasoro. Nimewahi kufanya kazi ya kusoma kromosomu maabara, ngoja nikueleze.

Stori hiyo ilianzia Marekani mwaka 1967. Maimon Cohen na wenzake walichapisha kwenye jarida la Science kwamba walitia LSD kwenye seli nyeupe za damu ndani ya chupa, kromosomu zikakatika. Walipima pia mgonjwa aliyekuwa ametibiwa kwa dawa hiyo. Mgonjwa mmoja! Ila watu walikuwa bado na jeraha la watoto wa thalidomide, dawa waliyomeza wajawazito watoto wakazaliwa na ulemavu, magazeti yakaidaka.

Sasa kazi yenyewe ilivyo: damu inakaa kwenye nyuzi joto 37 siku tatu, unazisimamisha seli zikiwa zinagawanyika, unadondosha kwenye kioo, unapaka rangi ya Giemsa, halafu unainamia hadubini mpaka shingo ikaze. Hata kwa mtu mwenye afya zake utakuta mkatiko hapa na pale. Mwaga kafeini ya kutosha humo, zitakatika vilevile. Chupa haina ini la kuvunjavunja dawa.

Mwaka 1971, Science hilohilo, Dishotsky na wenzake walipitia tafiti na ripoti 68. Waliopewa LSD safi na madaktari, wachache tu walionekana na mikatiko iliyozidi. Waliotumia za mitaani, karibu nusu, na hao walikuwa wanachanganya madude mengi. Ushahidi kwamba LSD inalemaza watoto wa binadamu hawakuuona.

Wakasema watafiti wanaweza kuendelea kuijaribu LSD safi kwa uangalizi, ila walimtoa mjamzito kwenye ruhusa hiyo, na mimi nawaunga mkono. LSD ina undugu na ergometrine, ile sindano ya kuzuia damu baada ya kujifungua. Sindano hiyo inakaza mfuko wa uzazi, ndiyo maana mkunga hakuchomi mtoto akiwa bado ndani.

Kilichonishtua mimi ni mstari wako wa mwisho, kwamba wikendi unapiga bia "kupunguza mawazo". Dada, pombe ndiyo yenye ushahidi wa kuharibu ubongo wa mtoto tumboni. Hiyo iache leo, na kliniki mwambie nesi yote mawili bila kuficha. Huyo wa "lazima" aweke utafiti wake hapa tuusome.