Mada jumuishi darasa la nne: anza na masomo mawili, usianze na sita

Mwalimu wa Mafinga, umeuliza kama mada moja inaweza kubeba Hisabati, Sayansi, Jiografia na Kiswahili kwa pamoja, wakati ratiba iliyobandikwa ofisini inadai kila somo na dakika zake 40. Inaweza. Ila si kila mada, na si kila wiki. Mimi niko Rungwe mkoani Mbeya, upande wa milima ya Uporoto, nafundisha la nne, na nitakueleza tunavyofanya huku.

Wenzetu wa la kwanza na la pili hawasumbuki sana na hili. Tangu 2015 masomo yao yalipojengwa juu ya KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu), mara nyingi mwalimu mmoja anashinda na watoto wale wale, akitaka hesabu iingie kwenye hadithi inaingia. Kuanzia la tatu masomo yanagawanywa kwa walimu, na hapo ndipo kazi ilipo. Kwa hiyo kabla hujatafuta mada, tafuta mwenzako wa kukubaliana naye, hata mmoja tu. Mimi nina Hisabati, mwenzangu ana Sayansi, tukaanza hivyo. Wa Kiswahili alijileta mwenyewe baada ya kusikia kelele darasani.

Mada yetu ni kiazi mviringo. Tuliikwepa "chakula", tukaikwepa na "kilimo", kwa sababu mada pana huishia kwenye manila za rangi ukutani. Kuna shule niliwahi kupita, muhula mzima kila darasa linachora matone ya maji, na watoto hawajawahi kupima hata lita moja. Mada inatakiwa iwe na swali linalowauma watu wa pale. Huku swali liko wazi: mkulima anauza gunia, mnunuzi anapakia lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, nani anapata hasara, na ya kiasi gani?

Tukaazima mizani dukani na ndoo ya lita 20 kwa mama mmoja anayeuza viazi barabarani. Watoto wakapima ndoo iliyosawazishwa mdomoni, kisha iliyojazwa mpaka ikawa na kichuguu. Makundi hayakupata jibu moja, wakabishana, ikabidi tufundishe wastani pale pale. Tukakubaliana kilo 14 kwa ndoo sawa na 17 kwa yenye kichuguu. Gunia la ndoo 7 sawa ni kilo 98, la ndoo 7 zenye kichuguu ni 119. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100. Kwa bei ya mfano ya shilingi 700 kwa kilo, tofauti ya kilo 21 ni shilingi 14,700. Hesabu hiyo ilirudiwa nyumbani, najua, maana mzazi mmoja alikuja shuleni kuuliza kama tuna uhakika na mizani yetu.

Katikati ya kupima, binti mmoja wa nyuma akasema, "Mwalimu, hiyo ndoo geuza uone chini." Nikageuza. Kitako kilikuwa kimebonyezwa kwa ndani. Kumbe muuzaji naye anajilipa, ndoo yake inabeba pungufu. Kipindi kilichofuata kilikuwa cha maadili na sikuwa nimekiandaa, ila hakuna aliyesinzia.

Upande wa Sayansi, mwenzangu alipasua kiazi mviringo na kiazi kitamu, akauliza kipi ni mzizi. Wengi walisema vyote. Macho ya kiazi mviringo ni machipukizi, kwa hiyo kile ni shina lililovimba ardhini; kiazi kitamu ndicho mzizi. Kisha tone la iodini, kikageuka bluu nyeusi: wanga huo. Akamalizia na kiazi cha kijani kilichopigwa jua, kwa nini bibi anakitupa: kina solanini, ambayo ni sumu. Jiografia ilihitaji barabara tu. Ukitoka Uporoto kwenye baridi na viazi, unapita migomba na chai ya Tukuyu, unashuka Kyela kwenye kakao na mpunga karibu na Ziwa Nyasa. Mtoto aliyepanda Coaster kwenda kwa shangazi Kyela anakueleza mabadiliko ya hali ya hewa kwa kuhesabu alivyovua masweta.

Kiingereza hatukukiingiza. Tulijaribu kukichomeka, kikawa orodha ya majina ya mboga, tukakiacha kiende na ratiba yake. Kugawanya kwa njia ndefu na hesabu za sehemu (kama nusu na robo) pia vina vipindi vyake vya mazoezi, ubaoni na kwenye madaftari, maana Upimaji wa Taifa wa darasa la nne unauliza somo kwa somo na hautauliza habari za lumbesa.

Karatasi zisikutishe. Andalio la somo, yaani mpango wa kipindi, linabaki la somo husika, na umahiri wake uleule. Kiazi kinaonekana kwenye shughuli za kufundishia na zana. Kwenye azimio la kazi, yaani mpango wa muhula, sogeza mada ndani ya muhula, mweleze mwalimu wa taaluma mapema kabla hajakuta pengo. Mthibiti ubora (mkaguzi wa shule) aliyetutembelea aliangalia madaftari, akakuta kazi, akaendelea.

Kwako Mafinga usihangaike na viazi, una mbao. Chukua mbao inayouzwa kama inchi mbili kwa nne, wape watoto futi kamba waipime wenyewe, halafu waulize kipande cha inchi kilichopungua kimeenda wapi. Ukiwa na darasa la watoto sabini, gawa makundi ya saba saba, na kila kundi lipime mbao yake kabla ya kubadilishana. Msitu wa Sao Hill uko jirani, kwa hiyo kisiki cha kuhesabu duara za miaka hukosi.