Besi iliyokataa kukaa nyuma

Barua za safari hii zimetoka Mbeya, Rungwe, Njombe na Iringa, na zote zinahusu gitaa la besi na wapigaji wake katika roki ya progresivu, ile roki iliyochipuka Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960, yenye nyimbo ndefu na mapigo yanayobadilika njiani.

Ndugu wahariri, habari za kazi. Kijiweni kwetu tumegawanyika. Kuna wanaosema hakuna kama Chris Squire wa Yes, na kuna wanaoapa kwa Geddy Lee wa Rush. Nyinyi mnampa nani? Wenzangu wengi wanapima kwa kasi ya vidole. – Msomaji, Mwanjelwa, Mbeya

Tunampa Squire, na kasi haimo katika sababu zetu. Kipimo chetu ni hiki: ondoa sauti ya mwimbaji, gitaa, kinanda na dramu, ubaki na besi tupu. Je, bado kuna wimbo? Kwa Squire upo. Sikiliza "Roundabout" kwenye albamu *Fragile* ya 1971. Besi ile unaweza kuiimba kwa mdomo ukiwa unatembea barabarani, na mtu akaujua wimbo kabla hujafika kwenye maneno.

Squire (1948–2015) aliimba kwaya ya kanisa utotoni, na walioimba kwaya watalisikia jambo hili upesi kuliko wengine. Besi yake inakwenda kama sauti ya nne: melodi ikipanda, yeye anashuka; waimbaji wakishikilia noti ndefu, yeye ndiye anayetembea. Hashiki noti ya msingi na kuigonga mpaka ubeti uishe. Ndani ya Yes, tangu kundi lilipoanza mwaka 1968 hadi alipofariki, hakuna albamu ya studio waliyotoa bila yeye.

Geddy Lee tunamweka karibu sana naye. Rush walikuwa watatu tu: Lee, Alex Lifeson kwenye gitaa na Neil Peart kwenye dramu. Lifeson akiingia kwenye solo, jukwaani habaki mtu wa ridhimu, kwa hiyo besi ya Lee inalazimika kubeba kodi (noti zinazolia pamoja) na mwendo, vyote kwa mpigo. Huku anaimba, na miguuni ana pedali za besi za kukanyaga. Wanaomtetea hapo kijiweni wana hoja nzito, ila wasiitaje kasi. Wataje jinsi anavyoziba pengo.

Shikamooni. Mimi ni mwanafunzi, napiga besi kwenye bendi ya chuo. Nyimbo hizi zinanipoteza kwenye kuhesabu. Nikizoea wimbo wa mapigo manne, wa saba unanimwaga. Nifanyeje? – Mwanafunzi, Iyunga, Mbeya

Marahaba. Kiswahili chenyewe kitakusaidia. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba: kila namba ina silabi mbili. Ukitamka namba moja kwa kila pigo, silabi ya kwanza inaangukia pigo lenyewe na ya pili inaangukia nusu yake. Nusu za mapigo unazipata bure, bila neno la kujazia katikati.

Anza na "Money" ya Pink Floyd ya 1973, ambamo Roger Waters anapiga besi kwenye mapigo saba. Noti ni nane, katika ufunguo wa B ndogo (B minor). Pigo la 1 ni B ya chini. Pigo la 2 linagawanyika: B ya juu kwenye "mbi", F# kwenye "li". Pigo la 3 ni B ya chini tena, halafu F#, A, B na D kwenye 4, 5, 6 na 7. Pigo la pili ndilo pekee lenye noti mbili, na wengi huharibu hapo: wanaliharakisha, wanafika saba kabla ya dramu, kisha wanangoja kidogo ili wapate nane. Ukijikuta unangoja, umekwisha kuongeza pigo. Baada ya saba rudi kwenye moja papo hapo. Jihadhari pia na solo ya gitaa, maana hapo wimbo unahamia mapigo manne. Solo ya saksafoni iliyotangulia bado iko kwenye saba.

Ukiiva hapo, nenda kwenye "YYZ" ya Rush, 1981. Mdundo wa mwanzo ni herufi Y, Y na Z katika alama za Morse, na YYZ ni kitambulisho cha uwanja wa ndege wa Toronto. Alama ndefu ihesabu 2, fupi 1. Y ni ndefu, fupi, ndefu, ndefu: 2+1+2+2, jumla 7. Z ni ndefu, ndefu, fupi, fupi: 2+2+1+1, jumla 6. Saba, saba na sita ni 20, yaani nusu-pigo kumi zenye vipande viwili kila moja. Usihesabu mpaka 20. Sema mdomoni "taa-ta-taa-taa, taa-ta-taa-taa, taa-taa-ta-ta" huku mguu ukigonga taratibu, mpaka mdomo usikosee. Besi uishike baadaye.

Bwana Yesu asifiwe. Nataka besi yetu ya kwaya ing'ate kama ile ya Yes. Nina besi ya nyuzi nne ya bei ya kawaida, ampli moja na miksa. Nikiongeza mkwaruzo (distortion), sauti inakuwa tope. – Mpiga besi wa kwaya, Tukuyu

Amina. Tope linatoka kwenye kukwaruza sauti za chini. Squire alitumia Rickenbacker iliyofungwa nyaya za stirio: pikapu (kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi) ya upande wa shingo ilikwenda njia yake, ya upande wa daraja, pale nyuzi zinapoishia mwilini mwa besi, njia nyingine. Njia ya chini ikabaki safi na nene. Mkwaruzo ukakaa kwenye njia ya juu tu. Huo ndio msingi wa sauti ile.

Kwa vifaa ulivyo navyo, anza na nyuzi. Funga nyuzi mpya zenye uzi wa nje wa mviringo, zinazokwaruza kucha ukizipitishia kidole. Zile laini hazitang'ata hata ukizipigia kelele. Saizi ya kawaida, kwa elfu za inchi, ni 45, 65, 85 na 105. Tumia piki ngumu ya milimita 1 au zaidi, na upige karibu na daraja, si juu ya shingo. Hapo tu utakuwa umefika nusu ya safari. Tukuyu mvua ni nyingi na nyuzi hupata kutu upesi, kwa hiyo zifute kwa kitambaa kikavu kila umalizapo, juu na chini ya kila uzi.

Kisha gawanya sauti. Pitisha besi kwenye kisanduku cha DI (kinachounganisha ala na miksa) chenye tundu la kupitishia. Waya mmoja uende chaneli ya kwanza ya miksa, trebo (sauti za juu) ukiipunguza. Wa pili upite kwenye pedali ya mkwaruzo, uingie chaneli ya pili, na humo kata kila kilicho chini ya hezi 200 hivi. Panda na chaneli safi mpaka uridhike, halafu ingiza ya mkwaruzo polepole, uishie pale unapohisi kwamba ingetoka ungeikosa. Usigawanye kwa waya wa Y mtupu kwenda kwenye miksa moja kwa moja, kwani pikapu za kawaida hulemewa na ung'avu unapotea. Na ukifungua chaneli zote mbili besi ikakonda badala ya kunenepa, ujue mawimbi yanauana: bonyeza kitufe cha kugeuza fezi (mwelekeo wa mawimbi) kwenye chaneli moja.

Kila ifikapo Juni besi yangu inaanza kukoroma kwenye freti za mwanzo, na mvua zikianza inaacha. Fundi anasema ni freti mbovu. – Msomaji, Njombe

Freti mbovu hazifuati majira. Kipupwe cha kwenu ni kikavu. Mbao za shingo zinapoteza unyevu, shingo inanyooka kupita kiasi au inapinda kinyumenyume, na nyuzi zinagusa freti. Tuni kwanza. Bana uzi wa E kwenye freti ya 1 na ya 17 kwa wakati mmoja, uangalie nafasi kati ya uzi na freti ya 7. Inatakiwa ipite kadi nyembamba ya biashara, kama milimita 0.3. Kama uzi umelalia freti, legeza chuma cha ndani ya shingo kwa spana yake ndogo ya umbo la L, robo ya mzunguko kwenda kinyume cha saa, basi. Tuni tena, iache hadi kesho, pima upya. Anayezungusha mzunguko mzima kwa mara moja ndiye anayekata chuma. Ikikoroma juu ya freti ya 12 peke yake, shingo haina kosa. Pandisha vitandiko vya daraja.

Tukiwaacha hao wawili, tumsikilize nani? – Wasomaji watatu, Iringa mjini

John Wetton kwenye *Red* ya King Crimson, 1974: besi nzito yenye mkwaruzo, na yeye ndiye anayeimba. Baada yake Tony Levin, aliyeingia kundi hilohilo kwenye *Discipline* ya 1981 akiwa na Chapman Stick, ala ya nyuzi kumi au zaidi inayogongwa kwa vidole vya mikono yote miwili badala ya kukung'utwa. Sikilizeni anavyoacha nafasi. Masikio yaliyokulia kwenye rumba yatamwelewa haraka, maana besi ya rumba nayo inajua kunyamaza.

Halafu Jannick Top wa kundi la Magma, Ufaransa. Aliituni besi yake kama selo: C, G, D, A. Mkitaka kujaribu, E inashuka tani mbili (tani ni hatua nzima ya sauti, sawa na freti mbili) na A tani moja, D inabaki, G inapanda tani moja. Uzi wa 105 ukishushwa hadi C unalegea na kupigapiga freti, hivyo wekeni wa 120 hivi, na juu weka wa 40 ili usikatike kwa kuvutwa hadi A. Mfereji wa nati ya kichwani, kile kipande kinachoshika nyuzi mwisho wa shingo, huenda ukahitaji kupanuliwa kwa tupa ndogo ili uzi mnene ukae. Mkono wa kushoto utalalamika wiki za mwanzo, kwa sababu kutoka uzi hadi uzi sasa ni nusu-tani saba badala ya tano.