Jaap Bruijn hakuandika habari za manowari pekee
Ndugu, umeuliza kama Jaap Bruijn alikuwa mwanahistoria wa manowari za Uholanzi tu. Hapana. Ni kweli alianzia huko, kwani tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1970 ilihusu mamlaka ya jeshi la majini ya Amsterdam, lakini baadaye, akiwa profesa wa historia ya bahari katika Chuo Kikuu cha Leiden, yeye na wanahistoria wenzake, Femme Gaastra na Ivo Schöffer, walitoa majuzuu matatu, kati ya 1979 na 1987, kuhusu safari za merikebu za Kiholanzi kwenda Asia. Kazi hiyo ndiyo ninayoithamini zaidi: unafungua ukurasa, unakuta jina la merikebu, nahodha wake, siku iliyong'oa nanga na, kama ilipumzika Rasi ya Tumaini Jema kusini mwa Afrika, muda iliokaa hapo.